Mawakili na Mashauri ya Mali katika Jinja na Mbale

Jinja na Mbale ni miji iliyokuzwa na pamba, kahawa na maduka. Kabla ya mwaka wa 1972 sehemu kubwa ya maduka na viwanda vyake ilikuwa mikononi mwa Waasia, Waislamu na Wahindu. Na wenyeji walikuwa wateja wao, makarani wao na majirani zao. Penye biashara hapakosi madai, na penye madai hapakosi wakili. Zama zile wakili wa mashauri ya biashara alitetea deni lisilolipwa au mkataba uliovunjwa, na kila upande ulifika mahakamani na daftari lake.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kambini Tororo, mji usio mbali na Mbale, kwamba Waasia waondoke Uganda kwa muda wa siku 90. Wapatao 27,000 walipokewa Uingereza, na zaidi ya 6,000 wakaenda Kanada. Nyuma yao zilibaki nyumba, maghala na mashine. Mwaka wa 1973 iliundwa Bodi ya kuangalia mali zilizoachwa. Nyingi zikagawiwa, na nyingine zikauzwa. Basi duka moja likawa na watu watatu wenye kulidai: aliyelijenga, aliyepewa, na aliyelinunua kwa fedha yake.

Ilipita miaka kumi kabla ya sheria kulikabili jambo hilo. Sheria ya mwaka wa 1982, iliyoanza kutumika tarehe 21 Februari 1983, iliziweka mali hizo chini ya Serikali, na ikabatilisha mauzo na mapatano yote yaliyofanywa juu yake baada ya kutwaliwa. Mwenye mali wa kwanza aliruhusiwa kumwomba Waziri wa Fedha cheti cha kurudishiwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Waziri alipewa siku 30 kukata rufani katika Mahakama Kuu. Jamaa ya Madhvani, wenye kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja, walirejea mwaka wa 1985. Wengine wengi walingoja hata miaka ya mwanzo ya 1990, Serikali ilipohimiza urejeshaji na kuweka tarehe 30 Oktoba 1993 kuwa mwisho wa kupeleka maombi.

Hapo ndipo ustadi wa mawakili ulipopimwa, na ufasaha wa ulimi haukutosha. Maswali yalikuwa matatu. Ni nani aliyekuwa mwenye mali siku ilipotwaliwa? Je, anayesimama leo kwa jina lake ana idhini yake? Je, muda haujapita? Mwenye mali huenda alikuwa Leicester au Toronto, au amekwisha kufariki. Mwanawe alipaswa kuthibitisha mirathi, na wakala alipaswa kuonyesha hati ya uwakala iliyoshuhudiwa sawasawa. Sahihi moja yenye shaka iliweza kulipoteza jengo zima.

Upande wa pili alisimama mtu aliyekaa dukani miaka ishirini, akalea watoto humo, na risiti yake mkononi. Risiti ilikuwa ya kweli, lakini sheria ilikuwa imekwisha kuyabatilisha mauzo. Wakili mwaminifu alimwambia hivyo mapema, kabla fedha yake haijaliwa na gharama za shauri. Asiye mwaminifu alimpa matumaini.

Wala mashauri hayo hayakuwahusu wafanyabiashara peke yao. Wadhamini wa Kampala Institute, chama cha watu wengi, walifika na Bodi mpaka Mahakama ya Juu katika shauri la mwaka wa 1993.

Waislamu wanalijua agizo la kuandika deni na kulishuhudisha, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282. Yaliyotokea Jinja na Mbale yanaonyesha hekima yake. Jumuiya yenye msikiti, madrasa au nyumba za kupangisha na ihakikishe kwamba hati ya kiwanja ipo na mahali pake panajulikana. Kwamba wadhamini waliofariki wamewekewa badala. Na kwamba mwisho wa muda wa kukodi ardhi unakumbukwa. Siku ya shauri, wakili hawezi kutetea kwa karatasi ambayo haikuhifadhiwa.