Ng'ambo Tuitakayo: "Sisi" Hao ni Akina Nani?

Mtu anayetoka Soko Kuu la Darajani, Zanzibar, akaivuka Barabara ya Benjamin Mkapa kuelekea Mlandege au Mchangani, huenda asijue kwamba anavuka mahali palipokuwa na bahari. Hapo ndipo ulipopita mkono wa bahari uliotenganisha rasi ya Shangani na nchi ya upande wa mashariki, na jina la Darajani ni kumbukumbu ya daraja lililoziunganisha pande hizo mbili. Maji yale yalifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, hata nchi ikawa moja. Jina halikufukiwa. Upande wa mashariki umeendelea kuitwa Ng'ambo mpaka leo.

Ndugu msomaji, neno hili linahitaji kutazamwa vizuri. "Ng'ambo" halitaji mahali kwa sifa zake, bali hutaja umbali wake kutoka kwa yule anayesema. Aliyeketi barazani kwake Kikwajuni hayuko ng'ambo kwa nafsi yake. Yuko ng'ambo kwa mtu wa Shangani. Wakazi walio wengi wa mji huu, basi, wameishi kwa vizazi kadhaa chini ya jina linalowatazama kutoka upande wa pili wa maji. Hoja ya makala hii ni kwamba jambo hilo halikuishia kwenye jina. Mipango ya kuiboresha Ng'ambo, ya wakoloni na ya baada ya wakoloni, nayo ilichorwa na watu waliosimama upande wa pili. Leo, mitaa hiyo inapotajwa kuwa kitovu kipya cha mji, tuna wajibu wa kuuliza ni nani anayechora safari hii.

Waliojenga Ng'ambo

Katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja, biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa iliujaza mji watu. Rasi ilikuwa nyembamba. Wale ambao jasho lao liliuendesha mji walijenga nyumba za udongo, boriti na makuti ng'ambo ya maji: wachukuzi wa misafara, mabaharia, mafundi, watumwa na walioachwa huru, ambao idadi yao iliongezeka baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897. Walikuwamo Wamanyema, Wanyamwezi, Wazaramo, Wayao na Wanyasa kutoka bara. Wangazija kutoka Komoro. Washihiri kutoka Hadhramaut. Wahindi wenye maduka madogo. Waarabu wasio na mashamba. Na Wahadimu na Watumbatu waliotoka vijijini kuja kutafuta riziki.

Tusiuchore mpaka huo kwa rula. Profesa Abdul Sheriff amekwisha kuonya dhidi ya picha nyepesi ya mji wa mawe wa matajiri upande mmoja na mji wa udongo wa masikini upande mwingine, kwani katika karne ya 19 nyumba za aina zote mbili zilichanganyika kuliko tunavyosimuliwa. Utawala wa kikoloni ndio ulioukaza mpaka, ukaufanya kuwa kanuni ya kugawa huduma, ujenzi na watu.

Majina ya mitaa yanaonesha namna wakazi walivyoijenga nchi yao wenyewe. Miembeni, Mwembetanga na Mwembeladu hukumbuka miembe. Kisima Majongoo hukumbuka kisima, Gulioni hukumbuka gulio, na Kisiwandui limebeba neno la maradhi yaliyowatisha wazee wetu. Majina haya yalitokana na watu waliokuwa wakielekezana njia.

Kutokana na mchanganyiko huo ikazaliwa sauti. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia mjini mwanzoni mwa karne ya 20, aliishi na kufanya mazoezi na kundi lake Ng'ambo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya kasri ilijulikana zaidi kwa Kiarabu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Zanzibar, ameonesha namna nyimbo hizo, mavazi na mpira wa miguu zilivyokuwa njia ya watu waliotoka utumwani, na watoto wao, kujitambulisha upya kuwa raia wenye heshima. Ng'ambo, kwa hiyo, haikusubiri kufufuliwa na mtu. Ilikuwa hai kabla ya ramani yake ya kwanza ya mipango miji.

Nyumba yangu, kiwanja chako

Udhaifu wa Ng'ambo ulikuwa chini ya miguu ya wakazi wake. Wengi walimiliki nyumba lakini hawakumiliki ardhi iliyozibeba. Hapo awali jambo hilo halikuleta tabu kubwa, kwani baadhi ya wenye ardhi waliwaacha watu wakae kwa uhusiano wa udhamini na hisani, na sehemu nyingine ziliwekwa wakfu. Mji ulipokua na ardhi kupata bei, hisani iligeuka kuwa kodi ya kiwanja, na kodi ikapanda.

Mwaka 1928 wapangaji wa viwanja, wakiwemo wanawake wenye nyumba zao, waligoma kulipa. Watu wa makabila na asili mbalimbali, ambao takwimu za serikali ziliwagawa katika mafungu, walisimama pamoja kwa sababu walikuwa na mwenye kiwanja mmoja na wasiwasi mmoja. Serikali ya kikoloni ililazimika kuingilia kati na kuiwekea kodi ya viwanja mipaka ya kisheria. Miaka 20 baadaye, mwaka 1948, mgomo ulioanzia kwa makuli wa bandarini ulienea mjini kote. Adam Shafi aliufanya kuwa kiini cha riwaya yake ya Kuli.

Nawaomba wanafunzi wangu na wanaharakati waikumbuke migomo hii miwili kila wanaposikia kwamba watu wa mitaa ya aina hii "hawana mwamko". Mwamko ulikuwapo. Kilichokosekana ni nafasi mezani ambapo maamuzi yalifanyika.

Mipango minne na jicho moja

Mwaka 1923 H. V. Lanchester alitoa mpango wa kwanza wa mji wa Zanzibar. Mwaka 1958 ukaja mpango wa Henry Kendall. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, wataalamu wa Ujerumani Mashariki walichora wa kwao, na mwaka 1982 wataalamu wa China wakachora mwingine. Itikadi zilitofautiana kama mbingu na ardhi, lakini jicho lilikuwa moja. Kila mpango uliitazama Ng'ambo kutoka juu, ukaona fujo inayohitaji kunyooshwa.

Kisa cha Raha Leo kinatufundisha jambo. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni ulijenga hapo kituo cha kiraia, kwa matumaini kwamba majengo mazuri, redio na ukumbi vitawafanya wakazi wawe watulivu na watiifu. Januari 1964 wanamapinduzi walilifanya eneo hilohilo kuwa makao yao makuu na kutangaza kutokea hapo. Majengo yalipokewa; utiifu uliokusudiwa haukupatikana.

Mapinduzi yenyewe tusiyasimulie nusu. Yaliwapa watu wa Ng'ambo hadhi waliyonyimwa kwa muda mrefu. Vilevile yalimwaga damu na kuwafukuza majirani, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kiasia. Ghasia za Juni 1961, zilizoua watu 68, zilikwisha kuonesha jinsi siasa za vyama zilivyoweza kuupasua ujirani uliojengwa kwa miongo. Mchanganyiko wa watu ni neema, lakini haujilindi wenyewe.

Ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali mwaka 1964, na suala la kodi ya kiwanja lililowaunganisha wagomaji wa 1928 likafungwa kwa amri. Kisha yakaja majumba ya Michenzani, kwa msukumo wa Rais Abeid Karume. Ni rahisi leo kuyacheka majumba yale marefu yaliyojipanga kama garimoshi. Mimi sitayacheka. Kumpa mtoto wa mchukuzi nyumba ya saruji, bila malipo, katikati ya mji ambao babu yake aliuingia akiwa na mzigo kichwani, lilikuwa tamko la kisiasa lenye uzito. Hata hivyo, nyumba nyingi zilibomolewa ili kuyapisha, majirani wakatawanywa, na ndoto ya kuibadilisha Ng'ambo yote haikutimia. Yakabaki majumba kumi. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya serikali, paa linalovuja na ngazi iliyochakaa vilikuwa vya kila mtu, maana yake havikuwa vya mtu yeyote. Wakazi walipewa makazi. Hawakupewa mamlaka juu ya makazi hayo.

Urithi wa upande mmoja

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni heshima tunayoistahili. Lakini hati hiyo, bila kukusudia, iliurudisha ule mkono wa bahari uliofukiwa. Upande mmoja ukawa urithi, wenye sheria na mamlaka yake ya uhifadhi. Upande wa pili ukabaki mahali ambapo lolote laweza kubomolewa. Upande mmoja ukajaa hoteli na bei ambazo mwenyeji hazimudu. Upande wa pili ukaendelea kuwapokea walioshindwa kumudu.

Katika muongo uliopita ndipo lilipotokea jambo jipya. Idara ya mipango miji ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi, ilianzisha kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Ilijengwa juu ya pendekezo la UNESCO la mwaka 2011, linalotaka mji utazamwe pamoja na watu wake, shughuli zake na kumbukumbu zake, si kuta zake peke yake. Badala ya kuanza na tingatinga, walianza na maswali: mnakutana wapi, mnacheza wapi, mti gani msingependa ukatwe? Baraza, visima na nyumba za taarabu vikapata nafasi katika ramani. Mwaka 2019 matokeo yake yalichapwa kuwa atlasi ya Ng'ambo. Kwa mara ya kwanza mpango mkubwa ulikiri kwamba upande huu nao una urithi.

Nasifu, kisha nauliza. Katika neno "tuitakayo", "tu" ni nani? Ng'ambo sasa inatajwa kuwa kitovu kipya cha mji, na jengo la biashara la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii limekwisha kusimama Michenzani. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169 katika sensa ya 2022, karibu nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773. Ardhi iliyo katikati ya umati huo haiwezi kubaki na bei ndogo. Hatari ya leo si ya kusahauliwa. Ni ya kupendwa na wenye fedha.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, napendekeza vipimo vinne vya mradi wowote wa kufufua mitaa, uwe Ng'ambo au kwingineko. Kwanza, haki ya mkazi juu ya ardhi na nyumba yake iandikwe kabla ya jengo la kwanza kuguswa. Pili, anayehamishwa apewe kwa maandishi haki ya kurudi, pamoja na tarehe na gharama zake. Tatu, wapangaji wahesabiwe, kwa sababu mara nyingi fidia humwona mwenye nyumba na kumpita anayelala ndani yake. Nne, vitu vidogo viwekwe kwenye ramani: baraza, mwuza kahawa, madrasa, klabu ya mpira. Ndivyo vilivyowafanya Mmanyema, Mngazija na Mshihiri wawe majirani, na hakuna bajeti inayoweza kuvinunua upya vikishapotea.

Kwa wanaharakati, nasema kuwa kushirikishwa si kualikwa kwenye ukumbi na kutia saini ya mahudhurio. Wagomaji wa 1928 hawakualikwa popote, lakini sheria ilibadilika. Na kwa wanafunzi, kazi ipo tele. Wazee wanaokumbuka mitaa iliyokuwapo kabla ya majumba ya Michenzani wanapungua kila mwaka. Nendeni mkawasikilize, mwandike majina ya mitaa na sababu zake.

Kiambishi "tu" ni kidogo, lakini ndicho kinachobeba mzigo wote wa jina la mpango ule. Kama "sisi" hao ni maofisa, wafadhili na wawekezaji, basi Ng'ambo itapangwa kwa mara nyingine kutoka upande wa pili wa maji ambayo hayapo tena. Kama ni mwenye genge wa Mwembetanga, mpangaji wa Jang'ombe na bibi anayepanda ngazi za Michenzani kila siku, wapewe kiti na kura mezani kabla mchoro haujapitishwa.