Karani wa Rangoon na Dakika Zangu Kumi

Mtajie mtu wa Nairobi jina Burma, atafikiria nyama. Kuna soko la jina hilo karibu na City Stadium. Wenye babu waliokuwa KAR huenda wakakumbuka kwamba mwaka 1944 vijana wa Kenya na majirani zetu walipelekwa kupigana na Wajapani kwenye Bonde la Kabaw. Mimi Burma ilinifikia kwa njia nyingine kabisa: kupitia pumzi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya hadithi, ila si yote. Baada ya hapo sikujiamini tena kwa jambo lolote. Kabla ya kumtumia mhariri makala, lazima niulize marafiki watatu kama iko sawa. Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili: "Baba, umeamua nini?" Nami najibu, "Bado nafikiria, Mama."

Rafiki mmoja akaniwekea programu ya meditesheni kwenye simu. Sauti ya Mzungu ikaniambia niangalie pumzi yangu. Manze, nilicheka. Nilidhani hayo ni mambo ya watu wa Karen na mikeka yao ya yoga. Lakini nina tabia ya kufukua vitu, kwa hivyo nikaanza kuuliza: haya yalitoka wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko Burma. Novemba 1885 Waingereza waliingia Mandalay, wakamkamata Mfalme Thibaw na kumpeleka uhamishoni India, alikofia mwaka 1916. Kwa Waburma, mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini ya Buddha. Sasa kiti kilikuwa kitupu, na mkoloni ndiye aliyeshika ushuru na misitu ya misaji. Wengine walichukua silaha wakapigana kwa miaka. Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw, aliona kazi nyingine: kama hakuna mfalme wa kuilinda dini, basi wananchi wenyewe wailinde. Akazunguka nchini, akaandika kwa lugha nyepesi, akawafundisha watu wa kawaida kutafakari, jambo ambalo kwa muda mrefu lilionekana kuwa la watawa.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mkulima, Saya Thetgyi, naye akawa mwalimu. Mwaka 1937 alimfundisha mtumishi wa serikali aliyeanza kazi kama karani wa hesabu, U Ba Khin. Burma ilipopata uhuru tarehe 4 Januari 1948, huyu Ba Khin akawa mhasibu mkuu wa serikali. Aliwafundisha wafanyakazi wake kutafakari palepale ofisini, na mwaka 1952 akafungua kituo mjini Rangoon. Mwaka 1955 akaja mfanyabiashara mwenye kipandauso kikali, S. N. Goenka. Ba Khin alimwambia wazi kwamba kama anatafuta dawa ya kichwa tu, amekosea mlango. Goenka alibaki, akajifunza, na mwaka 1969 akapeleka mafunzo hayo India. Kutoka hapo yakasambaa duniani.

Mkulima, karani, mfanyabiashara. Hakuna aliyesubiri kuwa mtu maalum kwanza ndio aanze.

Kilichonigusa zaidi ni namna wanavyofundisha. Katika kozi ya siku kumi, karibu siku tatu za kwanza unaangalia pumzi tu, inavyoingia na kutoka puani. Baadaye unapitia mwili wote, unaona panapowasha, panapouma, bila kukimbilia kujikuna. Mwalimu anakuelekeza, lakini hawezi kuhisi kwa niaba yako. Shahidi ni wewe.

Sijaenda kozi yoyote. Huketi dakika kumi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla makanga hawajaanza kelele. Kisha naandika mistari mitatu kwenye daftari: nahisi nini, nahisi wapi mwilini, na leo nimejiahidi nini. Ahadi ni ndogo: kufua, kumaliza aya mbili. Jioni naweka alama. Ni kama hesabu za karani, na baada ya miezi minne nikaona kumbe mimi ni mtu anayelipa madeni yake.

Si dawa ya kila kitu. Kuna wiki kukaa kimya kulinizidishia giza, na kilichonisaidia ni kuongea na mshauri.

Lakini niligundua jambo moja. Mama akiuliza swali lake, tumbo langu hujikunja kabla sijawaza chochote. Zamani nilidhani ule mkunjo ndio jibu. Siku hizi naungoja upite.

Jumapili iliyopita niliungoja, kisha nikasema: "Mama, mwaka huu sirudi chuo. Naandika."

Akanyamaza kidogo. "Sawa, baba. Umekula?"