Nyayo Katika Mchanga wa Irangi: Habari za Simba Wala Watu na Wale Waliowafuatia

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Babati, akishapita Chemba na kuikaribia Kondoa, huanza kuona milima ya Irangi ikiinuka mbele yake, na chini ya milima hiyo makorongo mapana yaliyochimbwa na mvua za miaka mingi, yaliyojaa mchanga ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa laini, usioweza kuficha hatua ya kiumbe chochote kilichopita juu yake usiku. Mchanga huo, ambao wakulima wa Kondoa wana haki ya kuulalamikia kwa kuwa ni rutuba ya mashamba yao iliyoporomoka, ulikuwa na manufaa yake kwa wazee wetu: palipopambazuka na mbuzi akakosekana, au, Mungu apishe mbali, mtu akakosekana, korongoni ndiko walikokwenda kutafuta habari kwanza.

Nchi hii ina watu wa asili nyingi waliokaa jirani kwa jirani tangu zamani: Warangi katika milima na mabonde yake, Waburunge na Waalagwa kandokando yao, na Wasandawe upande wa magharibi, kuelekea Kwa Mtoro na Farkwa, ambao kwa muda mrefu kuliko wengine walishika maisha ya kuwinda na kuchimba mizizi ya porini. Tena ilikuwa nchi ya njia, kwa kuwa misafara ya wafanyabiashara wa Mrima, yaani pwani, ilipita Irangi ikienda na kurudi bara, na waungwana waliotua hapo wakajenga, wakaoa, wakaacha dini na lugha yao katika mji wa Kondoa. Nyumba ya kale ya nchi hii ni tembe, yenye paa bapa la udongo juu ya magogo, na mifugo ilikuwa ikilazwa ndani pamoja na watu. Na yeyote aliyeishi katika tembe anajua kwamba ukuta ule mnene na mlango ule mwembamba vilikuwa hadhari dhidi ya fisi, chui na simba, kabla ya kuwa hadhari dhidi ya baridi.

Haja ya hadhari hiyo iliongezeka baada ya sotoka kuingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 maradhi hayo ya ng'ombe yaliteketeza mifugo ya nchi zetu kwa wingi usiokadirika, yakawaua nyati na wanyama wengine wa porini, na mahali palipokuwa malisho pakaota kichaka, na katika kichaka akaja mbung'o. Simba aliyezoea nyati hakumwona nyati, na aliyezoea kuvizia zizi akalikuta tupu. Kwa sababu hiyo, mintarafu ya simba wala watu, mimi husema kwamba yapasa kuulizwa kwanza mwanadamu na maradhi walifanya nini katika nchi, ndipo aulizwe mnyama.

Sanaa ya kufuata nyayo ilikuwa elimu kamili, yenye kanuni na hoja zake. Unyayo wa simba una vidole vinne na hauonyeshi kucha, kwa maana huzificha atembeapo; wa fisi huonyesha kucha, na kwa alama hiyo moja mtu mjuzi aliweza kuokoa kijiji na taharuki ya siku nzima. Unyayo wa mbele wa dume ni mpana kuliko wa jike. Mfuatiaji hutembea akiuweka unyayo kati yake na jua, ili kivuli cha kingo zake kimwangukie machoni, na ndiyo sababu kazi hiyo hufanywa asubuhi na jioni, ilhali adhuhuri, jua likiwa utosini, ardhi huwa kama imefutwa. Akiinama huangalia kama vijidudu vya usiku vimepita juu ya alama: vikiwa vimechora vijinjia vyao ndani ya unyayo, basi mnyama alipita mapema usiku, na huenda yuko mbali; unyayo ukiwa safi na umande umepanguswa katika majani ya pembeni, basi amepita alfajiri, na huenda amelala kivulini akisikia kila neno linalosemwa. Mzee mwenye ujuzi alichukua jivu katika kitambaa, akalipukuta kidogo kidogo kuujua upepo, na watu walinyamaza.

Lipo jambo moja katika kazi hiyo ambalo halikupata heshima inayostahili. Mwenye bunduki hutazama mbele. Mwenye kufuata nyayo hutazama chini. Hawezi kufanya yote mawili. Mtu huyo hutangulia, mara nyingi akiwa na mkuki tu au fimbo, akiwa ameyaacha maisha yake mikononi mwa macho ya mwenzake, na katika magugu marefu ya masika hutangulia vilevile. Vitabu vya uwindaji vya zama za ukoloni vilimpa sifa aliyepiga risasi, na jina lake likawekwa juu ya jalada. Lakini risasi ilikuwa kazi ya dakika moja mwishoni mwa kazi ya siku nyingi iliyofanywa na mwingine.

Aidha, mfuatiaji alikuwa shahidi. Hili nalisema kwa mkazo, kwa kuwa katika nchi za kati simba hakuwa mnyama tu. Wasandawe walikuwa na ngoma yao iitwayo simbo, ambayo Eric ten Raa, aliyekaa kwao na kuandika habari zao kwa miaka mingi, aliieleza kuwa ni ibada ya kuwa simba: wachezaji hujazwa na hali isiyo ya kawaida, wakatenda kama simba, na nia yao ni kupambana na uchawi unaodhuru jamii. Simba huyo ni mlinzi. Lakini jirani tu, katika Singida, nchi ya Wanyaturu, simba wa watu alikuwa mauti. Kati ya mwaka 1946 na 1948 makumi ya watu waliuawa huko kwa majeraha yaliyofanana na ya kucha, na serikali ikabaini kwamba wengi wao waliuawa na wanadamu waliovaa ngozi za simba. Mashauri yakasikilizwa, na baadhi ya washitakiwa wakanyongwa. Fikiri, msomaji, uzito uliomwangukia mtu aliyeitwa kuutazama mchanga kando ya maiti katika siku zile. Akisema ni mnyama, huenda muuaji akaenda huru; akisema ni mtu, jirani yake huenda akatiwa kitanzi. Ramli haikutosha, na woga ulikuwa hasara. Kilichotakiwa ni jicho linaloona kilichopo chini na ulimi usioongeza.

Kisa kikubwa kuliko vyote vya namna hii katika Tanganyika, hata hivyo, kilitokea mbali na Kondoa, kusini, katika wilaya ya Njombe, kwenye vijiji vya Wabena vya milimani na vya tambarare zilizo chini ya milima. Huko, tangu mwaka 1932 hadi 1947, makundi ya simba yaliwala watu kizazi baada ya kizazi, wakubwa wakiwafunza watoto wao. George Rushby, Mwingereza aliyekuwa mwindaji wa tembo kabla ya kuingia Idara ya Nyama, ndiye aliyepewa kazi ya kuwamaliza, na maelezo yake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1965 ndiyo msingi wa karibu yote yasemwayo juu ya kadhia hiyo. Anaeleza kwamba simba hao hawakuwa wazee wala vilema, kama wengi wadhanivyo juu ya mla watu. Walikuwa na siha, manyoya yao yaking'aa. Walishambulia alasiri, watu wakirudi mashambani, na usiku waliutumia kusafiri mbali, hata kijiji kilichoomboleza leo kisiweze kuwangoja kesho. Miongoni mwa sababu zitajwazo ni kwamba wanyama wa porini katika upande ule walipunguzwa kwa bunduki kwa amri ya serikali ili kuizuia sotoka isiingie kusini. Na ikiwa ndivyo, basi dawa ya ng'ombe ilikuwa sumu ya watu.

Lililomshinda Rushby kwa muda mrefu lilikuwa ukimya. Wanavijiji waliamini kwamba simba walikuwa wakitumwa na Matamula Mangera, mganga aliyeondolewa katika madaraka yake, na kwamba atakayetoa habari atafuatwa usiku. Hivyo mtu aliuawa, na habari ilimfikia bwana nyama ikiwa imepoa, nyayo zikiwa zimekanyagwa na ng'ombe au zimeoshwa na mvua. Mimi siwalaumu watu wale. Aliyelala katika nyumba ya udongo akisikia mngurumo nje ya mlango, na ambaye mwaka baada ya mwaka ameona serikali haiwezi kitu, ana haki ya kuchagua nani wa kumwogopa. Lakini ni dhahiri kwamba woga huo ulimlinda simba kuliko kichaka. Habari zilipoanza kufika mapema, Rushby na askari wake wa nyama waliweza kuzishika nyayo mbichi, na simba kumi na watano wakauawa. Matamula akarudishwa katika cheo chake, na vifo vikakoma. Wabena wengi walisema aliyewazuia simba ni yeye. Rushby alijua kwamba ni risasi. Idadi ya waliokufa aliikadiria kuwa zaidi ya elfu moja, nayo ni makadirio ya mtu mmoja juu ya miaka ambayo watu wengi hawakuandikwa popote.

Hesabu za simba huwa na tabia ya kuvimba. Patterson, mhandisi wa reli aliyewaua simba wawili wa Tsavo, Kenya, mwezi Desemba 1898, alipata kudai kwamba waliwala watu 135. Mwaka 2009 wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao, waliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago, walikadiria watu wapatao 35. Waliokufa ni wengi vya kutosha bila kuongezwa.

Wala kadhia hizi si za kale tu. Mwaka 2005 mtafiti Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha kwamba tangu mwaka 1990 simba waliwaua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania na kuwajeruhi zaidi ya 300, hasa katika mikoa ya kusini na pwani, na hasa wakati wa mavuno, wakulima wanapolala katika madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Simba humfuata nguruwe shambani, akamkuta mtu. Katika Rufiji simba mmoja aliyepewa jina la Osama, aliyeuawa mwezi Aprili 2004, alihesabiwa kuwa amewaua watu zaidi ya 30, naye alikuwa na jipu kubwa chini ya gego. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba siku za hatari zaidi ni zile zinazofuata mwezi mpevu, giza linapotangulia mwezi kuchomoza, jambo ambalo bibi zetu waliokataza watoto kutoka nje usiku wa giza hawakuhitaji kuandikiwa.

Kondoa ingali na mapori yake, Swaga Swaga upande mmoja na Mkungunero upande wa Tarangire, na juu ya mawe ya Kolo kuna michoro ya watu na wanyama ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro hiyo ina walinzi na vibao. Elimu ya wafuatiaji nyayo haina mlinzi, na walioipokea kwa baba zao ni wazee sasa. Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kondoa, wa Haubi na wa Kwa Mtoro: wapelekeni wanafunzi wenu kwa wazee hao wakati wa kiangazi, mchanga ukiwa mkavu, asubuhi na mapema, na kila mtoto aende na daftari, aandike alichoonyeshwa, na jina la aliyemwonyesha.