Toyota GR: Herufi mbili zinazowachanganya wanunuzi, na jinsi ya kuzitofautisha

Chukua GR Yaris mbili zilizotengenezwa Japan mwaka 2020. Zote zina milango mitatu, zote zimetanuka kwa nyuma, na zote zina beji ya GR.

Tofauti inaanza ukifungua boneti. Moja ina nguvu za farasi 272 na inavuta kwa magurudumu yote manne. Nyingine ina nguvu za farasi 120, inavuta kwa magurudumu ya mbele tu, na ni otomatiki ya CVT kama gari lolote la kwendea kazini.

Hakuna feki hapo, zote zimetoka kiwandani hivyo. Lakini ukiinunua ya pili kwa bei ya ya kwanza, umepigwa.

Mkanganyiko huu unaongezeka kadiri Toyota inavyopanua familia ya GR, yaani magari yanayotiwa nguvu na kiwanda chenyewe badala ya fundi wa mtaani. Leo herufi hizo zipo kwenye Yaris, Corolla, Hilux mpaka Land Cruiser. Haya ndiyo ya kufahamu.

GR maana yake nini?

GR ni kifupi cha Gazoo Racing. Neno "gazo" kwa Kijapani ni picha. Jina lilitokana na tovuti iliyoanzishwa ndani ya Toyota miaka ya 1990 kuonyesha picha za magari yaliyotumika. Mmoja wa waliokuwa nyuma ya mradi huo ni Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni.

Mwaka 2007 Toyoda aliingia kwenye mbio za saa 24 za Nürburgring, Ujerumani. Hakutumia jina lake, alijiita "Morizo". Timu nayo haikubeba jina la Toyota, ikaitwa Gazoo. Magari yao yalikuwa Altezza mbili zilizotumika. Ndiyo, Altezza ileile inayojulikana sana kwenye barabara za Dar es Salaam na Nairobi.

Aliyemfundisha Toyoda kuendesha kwa kiwango hicho ni Hiromu Naruse, dereva mkuu wa majaribio wa Toyota. Juni 2010 Naruse alifariki kwenye ajali ya barabarani karibu na Nürburgring akiwa anajaribu Lexus LFA. Toyoda, ambaye wakati huo alikuwa rais wa kampuni, hakuacha mbio. Hadi leo Morizo ni jina analotumia akiwa kwenye usukani wa gari la mashindano.

Kwa nini Toyota iliona inahitaji GR?

Kwa sababu ilibaki na magari ya kuaminika lakini yasiyosisimua. Supra ilikoma kutengenezwa mwaka 2002, Celica 2006 na MR-S 2007. Kwa miaka kadhaa Toyota haikuwa na gari hata moja la michezo kwenye orodha yake ya kawaida, hadi ilipoleta 86 mwaka 2012 kwa kushirikiana na Subaru.

Septemba 2017 GR ilizinduliwa rasmi Japan kama chapa ya magari ya barabarani, ikichukua nafasi ya iliyokuwa ikiitwa G's.

Ngazi tatu za GR

Hapa ndipo wengi wanapopotea. GR ina ngazi tatu, na tofauti kati yake si ndogo.

1. GR Sport. Ni gari la kawaida lililoongezewa vitu. Mara nyingi utapata bampa tofauti, rimu, siti za kimichezo na shokapu zilizorekebishwa. Kwa magari mengi ya ngazi hii injini haiguswi. Mifano ni Vitz GR Sport, C-HR GR Sport na Aqua GR Sport.

Lakini usiidharau kila GR Sport. Land Cruiser 300 GR Sport, iliyotoka 2021, ina mfumo wa kielektroniki unaozilegeza na kuzikaza stabilaiza ili magurudumu yashike ardhi kwenye njia mbovu. Hiyo ni kazi ya uhandisi, si stika.

2. GR kamili. Hapa jina linaanza na GR: GR Yaris, GR Corolla, GR86, GR Supra. Haya yana injini, bodi au mfumo wa kuvuta ulioundwa kwa ajili ya kasi tangu mwanzo. Mtego pekee ni ile Yaris dhaifu tuliyoanza nayo. Inaitwa GR Yaris RS na iliuzwa Japan.

3. GRMN. Hii ndiyo ngazi ya juu, na hutolewa kwa idadi ndogo. GRMN Yaris ya mwaka 2022 ilitengenezwa magari 500 kwa soko la Japan, na wanunuzi walipatikana kwa bahati nasibu.

Familia ilivyokua

- 2019, GR Supra: Ilirudi baada ya miaka 17, safari hii ikitengenezwa pamoja na BMW. Ni ndugu wa BMW Z4, na zote mbili zilijengwa kwenye kiwanda kimoja Graz, Austria.

- 2020, GR Yaris: Injini ya lita 1.6, silinda tatu, yenye turbo. Milango na boneti ni aluminiamu na paa ni kaboni ili kupunguza uzito.

- 2021, GR86: Kizazi cha pili cha ushirikiano na Subaru. Injini ya lita 2.4 bila turbo, inayosukuma magurudumu ya nyuma.

- 2022, GR Corolla: Ilichukua injini ya GR Yaris na kuipandisha hadi takriban nguvu za farasi 300. Toleo la Morizo Edition liliondolewa kabisa siti za nyuma.

- 2024, GR Yaris mpya: Nguvu zilipanda hadi farasi 304 kwa soko la Japan, na kwa mara ya kwanza ikapatikana na otomatiki ya gia nane.

- Desemba 2025, GR GT: Toyota ilionyesha gari la V8 ya lita 4.0 lenye turbo mbili na mota ya umeme, likilenga nguvu za farasi 650 au zaidi. Hili halina uhusiano na Yaris wala Corolla, ni gari jipya kabisa.

Kwa nini hayatengenezwi kama Corolla ya kawaida?

GR Yaris ilipoanza, ilipewa sehemu yake ndani ya kiwanda cha Motomachi, Japan, inayoitwa GR Factory. Kwenye kiwanda cha kawaida gari linapita kwenye mkanda bila kusimama, na kila fundi ana muda mfupi wa kufunga kipande chake.

GR Factory haina mkanda huo. Bodi hubebwa na mikokoteni inayojiendesha kutoka kituo kimoja hadi kingine, na mafundi wanapewa muda wa kupima na kurekebisha. Bodi ya GR Corolla, kwa mfano, imechomelewa sehemu nyingi zaidi kuliko Corolla ya kawaida na kuongezewa gundi maalum ili isipinde kwenye kona kali.

Faida ni ubora. Hasara ni kwamba magari yanatoka machache, na bei inapanda.

Yanahusianaje na Safari Rally?

GR Yaris ilizaliwa kwa ajili ya rali. Sheria za mashindano zilitaka kampuni iuze idadi fulani ya magari ya barabarani ndipo gari la aina hiyo likubaliwe kushindana. Mpango wa kulitumia kwenye msimu wa 2021 wa WRC ulivunjika kutokana na corona, lakini gari la barabarani likabaki na likauzwa.

Safari Rally ilirejea kwenye ratiba ya WRC mwaka huohuo wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Kuanzia 2021 hadi 2025 Toyota ilishinda kila mwaka. Mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi zote nne za juu.

Si mara ya kwanza Toyota kutawala vumbi la Kenya. Kati ya 1984 na 1995 ilishinda Safari mara nane kwa magari ya Celica, ukiwemo ushindi wa Mkenya Ian Duncan mwaka 1994.

Ila usidanganyike: gari la daraja la juu lililokimbia Naivasha tangu 2022 linaitwa GR Yaris, lakini ndani lina fremu ya mabomba na ni mashine tofauti kabisa. Linalokaribiana na la barabarani ni GR Yaris Rally2, lililoanza kushindana Januari 2024.

Kabla hujatuma pesa

Kwa wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japan, beji haitoshi. Angalia haya:

Namba ya modeli. GR Yaris yenye turbo huanza na GXPA16. Ile ya RS huanza na MXPA12. Namba hii ipo mwanzoni mwa namba ya chesi, na huandikwa kwenye karatasi ya mnada. Kwa GR Corolla tafuta GZEA14.

Injini. Ya turbo inaitwa G16E-GTS. Ukiona M15A, hiyo ni injini ya Yaris ya kawaida ya lita 1.5.

Jina kamili. "Yaris Cross GR Sport" na "GR Yaris" si kitu kimoja. Neno Sport likikaa nyuma ya GR, uko ngazi ya kwanza.

Mafuta. Japan, injini hii ya turbo hupewa petroli ya oktani ya juu. Kabla hujanunua, hakikisha utaipata unakoishi.

Umri wa gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na usukani lazima uwe kulia. GR Yaris za mwaka 2020 bado zinapita, ila dirisha lake linafungwa mwishoni mwa 2027.

Muuzaji akikutumia picha za nje tu, mwombe picha mbili zaidi: namba ya chesi na injini. Akizungusha maneno, tafuta muuzaji mwingine.