Bei ya Habari katika Australia, 1871 na 2021

Mwaka 1871 koloni la Victoria, katika Australia, lilitunga sheria ya kulikataza gazeti kunakili habari ambazo gazeti jingine lilizipata kwa simu ya maandishi, mpaka zipite saa 24. Simu ilikuwa ghali. Kila neno lililipiwa, na mnakili hakulipa kitu. Sheria ile ilizihesabu habari kuwa mali.

Yapata miaka 150 baadaye nchi ile ile ililirudia jambo hilo kwa njia nyingine. Tume yake ya ushindani wa biashara, iliyoanza uchunguzi Desemba 2017, ilieleza katika ripoti ya Julai 2019 kwamba kampuni za Google na Facebook zina nguvu katika kujadiliana bei ambazo wenye magazeti hawana. Basi watungao sheria waliliacha swali la kunakili, wakalishika la nguvu.

Shina la sheria ya 2021 ni uamuzi. Pande mbili zikishindwa kupatana, kila mmoja hutaja bei yake ya mwisho, na mwamuzi, kwa kawaida, huchagua moja tu, hakati katikati. Atajaye bei ya kupita kiasi hujiponza. Lugha yetu yatutaka hapa tutenge maneno: mtu huyu si mpatanishi, maana mpatanishi huzivuta pande zikaribiane, huyu ni mwamuzi, na hofu ya uamuzi wake ndiyo izivutayo.

Tarehe 18 Februari 2021 Facebook iliziondoa habari kwa watu wa Australia. Hata kurasa za idara ya hali ya hewa zilifungwa. Tarehe 23 ilipatana na serikali, na tarehe 25 sheria ikapita, imekwisha kurekebishwa: kabla ya kuitia kampuni chini ya sheria, waziri wa fedha sharti aitazame mikataba ambayo imeifanya kwa hiari. Mikataba zaidi ya 30 ikafuata, wala mwamuzi hakuitwa.

Lakini sheria iliyomlazimisha mnunuzi kujadili bei haikumlazimisha kununua. Kanada ilipotunga yake Juni 2023, Google ilikubali kulipa dola za nchi hiyo milioni 100 kwa mwaka. Meta, yenye Facebook, iliziondoa habari mwezi wa Agosti, mwezi ule ule watu wa Yellowknife walipouhama mji wao kwa moto wa misitu. Machi 2024 Meta ikatangaza kwamba mikataba yake ya Australia haitafanywa upya. Desemba mwaka huo serikali ya huko ikatangaza nia ya kuzitoza kampuni kubwa ushuru, ambao ungepunguzwa kwa kadiri ya fedha walipwazo wenye magazeti.