Kichocho: Mlango wa kalsiamu ulioeleza siri ya praziquantel

WAOSHA magari wa ufuo wa Ziwa Victoria mjini Kisumu hufanya kazi wakiwa ndani ya maji, na majini humo ndimo huishi konokono wanaoeneza kichocho. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya (KEMRI) waliwafuatilia: wakitibiwa, walirudi kazini na kuambukizwa tena, ingawa baadhi yao, baada ya matibabu ya mara kwa mara, walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuugua upya.

Dawa waliyopewa, praziquantel, ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1970 na hadi leo ndiyo tegemeo la pekee. Ajabu ni kwamba kwa takribani miaka 40 hakuna aliyejua inavyofanya kazi. Ilionekana tu mnyoo akikakamaa na ngozi yake kuharibika. Wengine walidhani dawa huvuruga mafuta ya utando wa seli zake.

Mwaka wa 2019, wanasayansi wa Chuo cha Tiba cha Wisconsin, Marekani, walitambua kipokezi chenyewe. Ni mlango wa kalsiamu ulio katika utando huo, wa ukoo mmoja na kipokezi kinachomfanya binadamu ahisi baridi anapotafuna mnanaa. Praziquantel hushika mlango, hukataa ufungwe, na kalsiamu humiminika ndani.

Ugunduzi huo umerahisisha usakaji wa dawa. Badala ya kufuga minyoo na konokono, mtafiti huingiza jeni ya kipokezi katika seli za binadamu zinazokuzwa maabarani, huzitia rangi inayong'aa kalsiamu inapoingia, kisha hujaribu kemikali moja baada ya nyingine. Tayari zimepatikana kemikali zisizo za jamii ya praziquantel zinazofungua mlango huo. Njia hiyo pia imeeleza kwa nini dawa hii haiui mnyoo wa ini wa ng'ombe: kipokezi chake kimetofautiana kwa asidi amino moja tu mahali dawa inaposhika.

Kati ya nusu mbili za praziquantel, moja ndiyo hufungua mlango; nyingine huongeza uchungu na ukubwa wa tembe. Nusu hiyo ndiyo arpraziquantel, dawa ya watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, iliyojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire na kuungwa mkono na Shirika la Dawa la Ulaya Desemba 2023.