Matumizi ya intaneti nje ya masomo darasani (Shinyanga na Geita)

Matumizi ya intaneti nje ya masomo darasani ni hali ya mwanafunzi kutumia simu au kompyuta wakati kipindi kinaendelea kwa jambo lisilohusu somo, kama vile kuchati, kutazama video, kufuatilia mechi au kubeti. Watafiti walianza kuichunguza kwa wafanyakazi wa ofisini, kisha wakaigeukia kwa wanafunzi.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hali hii ina sura mbili. Katika shule za sekondari simu hairuhusiwi, hivyo anayeitumia huitumia kwa siri. Vyuoni simu ni ruksa, na mara nyingi mwanafunzi hawezi kusoma bila kuwa nayo.

Mazingira

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Nje ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, na Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Fedha ya dhahabu haina ratiba: kijana anaweza kukaa miezi bila kitu, kisha akapata mzigo na siku hiyohiyo akanunua simu janja. Simu hiyo ikichakaa humfikia mdogo wake anayesoma.

Intaneti ya haraka ilianza kuenea nchini baada ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Vijijini, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara ambako biashara peke yake isingewavuta.

Sababu

Sababu inayotajwa kwanza na wazazi ni uvivu. Hiyo haitoshi, kwa kuwa mwanafunzi huyohuyo huweza kukaa makini kipindi kizima akiwa anaelewa kinachofundishwa.

Kuelewa ndiko kwenye tatizo. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Kwa mtoto aliyekua akizungumza Kisukuma nyumbani, Kiingereza ni lugha ya tatu. Anapofika kidato cha kwanza hukutana na biolojia na jiografia katika lugha ambayo bado hajaimudu. Asiyefuata anachosema mwalimu ana njia chache: kunakili ubaoni bila kuelewa, kusinzia, au kutafuta kitu kingine cha kushughulisha akili. Wakati mwingine simu hufunguliwa kwa nia njema, kutafuta maana ya neno. Neno likipatikana, ujumbe wa WhatsApp nao unakuwa umeshaingia. Ndiyo maana ni vigumu kwa mwalimu, na hata kwa mwanafunzi mwenyewe, kusema ni wapi masomo yalipoishia na mengine yalipoanzia.

Wingi wa wanafunzi huongeza uzito. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016, na mwaka 2022 ikafikishwa kidato cha sita. Watoto wengi walipata nafasi ambayo wasingeipata, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Katika darasa lililojaa, anayekaa nyuma anaweza kuinamia simu chini ya dawati muda mrefu bila kuonekana.

Vyuoni, kwa mfano katika kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi iliyoko Shinyanga, wanafunzi ni watu wazima wenye mambo yao. Mwenye mkopo hutazama kama fedha za kujikimu, maarufu kama bumu, zimeingia. Mwingine hupokea ujumbe wa nyumbani kuhusu mgonjwa, shamba au duara ambalo familia ina hisa. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, likiwemo la Geita, bei ya dhahabu nayo imekuwa habari ya kufuatiliwa. Kubeti huruhusiwa kisheria kuanzia miaka 18, hivyo mikeka huhesabiwa hata katikati ya mhadhara. Tena kuna bando: kifurushi cha saa 24 hakimsubiri mhadhiri amalize.

Athari

Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanafunzi waliofanya mambo mengine kwenye kompyuta mpakato wakati wa mhadhara walipata alama pungufu kwa asilimia 11. Katika jaribio la pili, walioketi mahali ambapo waliona skrini za wenzao walipungukiwa kwa asilimia 17. Skrini ya simu ni ndogo kuliko ya kompyuta, lakini dawati la watu watatu halifichi mengi.

Hatua zinazochukuliwa

Shuleni simu ikikamatwa huchukuliwa, mzazi huitwa, na mwanafunzi anaweza kusimamishwa masomo. Adhabu hiyo ya mwisho ina hatari ya pekee katika ukanda wa dhahabu. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2013 jinsi watoto wanavyofanya kazi katika machimbo madogo, Geita ikiwemo, wakishuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani wiki mbili hakosi wa kumpa kazi kwenye karasha, na akishaonja fedha yake mwenyewe, kumrudisha darasani ni kazi nyingine.

Njia ya upande wa pili ni kumpa intaneti yenye usimamizi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigawa kompyuta kwa shule za umma, na tovuti ya Shule Direct, iliyoanzishwa nchini mwaka 2013, hutoa masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wa Tanzania. Lakini chumba cha kompyuta kinahitaji umeme wa uhakika, fedha ya bando na mwalimu wa TEHAMA. Kimoja kikikosekana mlango hubaki umefungwa, na mwanafunzi hurudi kwenye simu iliyo mfukoni.